Visheti Visinunuliwe

Kila mwaka, Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, mimi huyasikia maneno yale yale. Huyasikia sokoni Darajani, huyasikia ndani ya daladala, na, jambo linaloniuma zaidi, huyasikia katika vinywa vya wanawake niliowasomesha mwenyewe: "Ya nini kujichosha, mwalimu? Visheti siku hizi vinauzwa." Ni maneno mafupi, na kwa kiasi chake ni ya kweli. Visheti vinauzwa. Vinauzwa kwa kilo, vinauzwa kwa robo, vinauzwa ndani ya vikopo vya plastiki vilivyobandikwa karatasi ya rangi. Lakini si kila kinachouzwa ni cha kununuliwa, na insha hii nimeiandika ili nibishane na maneno hayo mpaka mwisho wake.

Nilisomesha sayansikimu katika skuli za Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini, na upishi wa vitafunio ni katika mambo niliyoyasimamia kwa mikono yangu. Basi nasema wazi tangu mwanzo: visheti vya sikukuu vipikwe nyumbani. Sisemi hivyo kwa sababu bibi zetu walifanya hivyo. Bibi zetu walifanya mengi ambayo mimi binafsi namshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Wala sisemi kwamba mwanamke asiyepika visheti si mwanamke. Huo ni upuuzi, na mbele kidogo nitawageukia wanaousema. Nasema hivyo kwa sababu nimepima tunachopata tukinunua, nikapima tunachopoteza, kama vile mtu apimavyo unga kwa kikombe, na mizani haikulala upande wa kununua.

Kwa msomaji asiye wa pwani, nieleze kidogo. Kisheti ni kipande kidogo cha unga wa ngano uliokandwa kwa samli na tui la nazi au maziwa, ukatiwa iliki. Kila kipande hubanwa kwa kidole gumba mgongoni mwa uma, kikaviringishwa mpaka kikawa mfano wa kauri, kina mistari nje na uwazi ndani. Wenye haraka husukuma unga wakaukata kwa kisu vipande vya pembe nne. Navyo ni visheti, sibishani. Kisha hukaangwa katika mafuta yasiyo makali sana mpaka vikaiva rangi ya dhahabu. Hadi hapo havina utamu hata kidogo. Utamu huja mwisho. Sukari huchemshwa kwa maji machache mpaka ikawa shira nzito, visheti humiminwa humo, sufuria huepuliwa, na mpishi hukoroga bila kusita. Kwa muda huonekana kama hakuna linalotokea. Halafu, kwa ghafla, shira iliyokuwa ikin'gara huanza kufifia, ikageuka ganda jeupe, kavu, lililokishika kila kisheti peke yake.

Ghafla hiyo ina elimu yake. Ukiwahi kumimina visheti kabla shira haijawa tayari, vitabaki vinanata na kesho yake vitalainika. Ukichelewa, sukari itagandia sufuriani na visheti vitabaki uchi. Mpishi hupima kwa kuchota tone, akalishika baina ya gumba na shahada, akaachanisha vidole: uzi ukivutika bila kukatika upesi, wakati umefika. Na hutiwi ndimu. Ndimu hutiwa katika shira ya kaimati, ambayo tunataka ibaki majimaji. Nikiwa darasani niliandika ubaoni kwamba sukari iliyoyeyuka hutafuta kurudi chembechembe, kwamba kukoroga huzisaidia chembe hizo zianze kushikana, na kwamba asidi ya ndimu huivunja sukari ikawa sukari mbili nyingine zinazozizuia chembe zisijengeke. Wasichana walinakili, wakafaulu mtihani, na wengi wakasahau kabla matokeo hayajatoka. Lakini mtoto aliyekaa kitako mbele ya seredani usiku mmoja tu, akanyoosha mkono wenye kipande cha ndimu na kuambiwa, "Weka chini, mwanangu, hii si ya kaimati," huyo hasahau mpaka anakufa. Elimu hiyo haiuzwi ndani ya kikopo. Anayenunua visheti hununua ganda jeupe, hakununua kujua limekujaje.

Hata hivyo, kama hoja yangu ingekuwa ni elimu ya shira tu, ningeweza kujibiwa kwamba si lazima kila mtu ajue kila kitu. Mimi sijui kushona viatu na navaa viatu. Kweli. Basi nije kwenye jambo lenyewe.

Kilo moja ya unga hutoa visheti mamia, na kila kimoja hupita juu ya uma. Kazi hiyo, kwa umbile lake, haitaki mtu mmoja. Mtu mmoja akiifanya atakesha na kuumwa mgongo. Watu watano wakikaa kuzunguka sinia, huisha kabla ya daku, na hakuna aliyechoka. Na watu watano waliokaa kitako, mikono ina kazi na midomo haina, watazungumza. Hapo ndipo mimi nilipojua, kwa miaka yote ya maisha yangu, nani ameposwa na nani ameachwa, nani ana mgonjwa asiyetaka kumtaja, nani mwanawe yuko Maskati na mwaka huu hajaleta kitu. Wapo watakaosema huo ni umbea. Upo umbea, sikatai. Lakini ndani ya umbea huo mlikuwa na habari moja isiyopatikana kwa njia nyingine: nyumba ipi mwaka huu haina sikukuu. Mwenye shida hatangazi, hasa katika Ramadhani. Shida yake husemwa na jirani, kwa sauti ya chini, juu ya sinia la unga, na kabla ya siku mosi kitu kimekwisha pelekwa mlangoni kwake bila ya yeye kuomba.

Nilikuwa mtoto mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati chakula kilipokuwa cha mgao hapa Unguja. Mchele, unga na sukari vilisimamiwa foleni, na foleni iliweza kwisha kabla hujafika mbele. Sitaki kuupamba wakati ule. Kulikuwa na njaa, kulikuwa na hofu, na watu wengi walikuwa wameondoka au wanatafuta njia ya kuondoka. Lakini nakumbuka vizuri hesabu ya visheti vya mtaani kwetu. Mama yangu alikuwa ameweka sukari kidogo, hana unga. Nyumba ya pili walikuwa na unga, hawana mafuta. Nyumba ya tatu walikuwa na samli iliyoletwa kutoka shamba, na hawakuwa na kingine chochote. Nyumba hizo tatu zilipika sufuria moja. Ganda la sukari lilikuwa jembamba mno, rangi ya unga ilionekana chini yake, na kila nyumba ya kichochoro chetu ilipata sahani, hata iwe ya visheti kumi. Hakuna aliyekuwa na sikukuu yake peke yake kwa sababu hakuna aliyeweza kuipika peke yake. Leo kila mmoja anaweza kuinunua peke yake, na ndivyo inavyokuwa: sikukuu ya kila mmoja, nyuma ya mlango wake.

Nataka msomaji aifikirie sahani hiyo. Siku ya sikukuu, au usiku wa kuamkia, mtoto hupewa sahani iliyofunikwa kawa, akaambiwa, "Mpelekee bibi, mwambie mama anakusalimia." Mtoto huijua njia kwa sahani. Huijua milango, hujua wa kumwamkia shikamoo na wa kumbusu mkono, hujua bibi yupi hasikii vizuri na inambidi apige hodi mara tatu. Na sahani hairudi tupu. Itarudi na vileja, au kashata, au kipande cha mkate wa mayai, na kama nyumba haina kitu itarudi na machungwa mawili au hata chumvi. Huo ndio uliokuwa mtandao wetu kabla ya simu, na ulikuwa na sifa moja ambayo simu haina: usipopokea sahani ya mtu, ilikubidi uende ukamtazame.

Sasa niambieni, nani amewahi kumpelekea jirani visheti vinane vilivyotolewa katika kikopo chenye bei ubavuni? Kitu cha kununua kina hesabu ya shilingi. Mwenye kununua kilo moja anajua kilo hiyo imemtoka kiasi gani, na kila kiganja anachotoa anakiona kinavyopungua. Mwenye kupika ana sinia limejaa, mikono iliyomsaidia iko pale pale na haina budi kupewa, na visheti ni vingi kuliko midomo ya nyumbani. Sisemi mnunuzi ni bahili na mpishi ni karimu. Nasema kwamba kazi yenyewe humfundisha mmoja kugawa, na bei yenyewe humfundisha mwingine kuhesabu.

Na jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi wa Mji Mkongwe. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Tangu hapo tumejifunza kuipenda milango yetu ya kuchongwa, baraza zetu na kuta zetu za mawe na chokaa, na hayo ni mambo mema. Lakini katika miaka hiyo hiyo watu wametoka. Nyumba moja baada ya nyingine imekuwa hoteli, au nyumba ya wageni, au duka la vinyago. Wenyewe wamekwenda Kiembesamaki, Fuoni, Bububu, au ng'ambo ya bahari. Katika kichochoro chetu milango ninayoweza kupeleka sahani imebaki michache. Mlango umehifadhiwa, umepakwa mafuta, misumari ya shaba inang'aa, na nyuma yake hakuna mtu anayejua jina langu. Mimi hupeleka sahani hotelini vile vile. Mlinzi wa zamu naye ana sikukuu, na kwao ni mbali. Nawaambia wanaohangaika na urithi: ukuta unaweza kutengenezwa upya kwa chokaa. Desturi ya watu watano kukaa kuzunguka sinia ikikatika vizazi viwili, hakuna fundi wa kuitengeneza.

Sasa nijibu hoja, moja moja.

Ya kwanza ni ya fedha na wakati. Wanasema kupika ni ghali kuliko kununua. Mimi nawaomba wapige hesabu kwa ukweli. Mwuza visheti naye hununua unga, sukari, mafuta na makaa au gesi, na juu yake anahitaji faida ya kuwalisha wanawe, ambayo ni haki yake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini na bei ikapaa, na Ramadhani ilikuwa inakuja Machi. Mwuzaji afanye nini? Ama apandishe bei, ama apunguze kipimo, ama aweke mafuta rahisi mahali pa samli na ganda jembamba mahali pa ganda nene. Simlaumu. Lakini asiniambie mtu kwamba amenunua kitu kile kile kwa bei ndogo. Amenunua kitu kingine.

Na hapa niseme jambo ili nisieleweke vibaya. Simpigi vita mama anayeuza visheti. Wapo wajane waliosomesha watoto kwa visheti na kashata, na mimi nawajua na nawaheshimu. Nunua kwao. Nunua kwao mwaka mzima, ukiwa na wageni, ukiwa na safari, ukiwa umechoka. Sikukuu ina siku chache tu. Mama huyo mwenyewe, ukimwuliza, atakwambia anatamani usiku mmoja wa kukaa kitako na wanawe bila ya kupima kwa mizani.

Wala sisemi kila kitamu kipikwe nyumbani. Halua haipikwi nyumbani. Halua inataka sufuria kubwa la shaba, moto mkubwa, na mikono ya wanaume wanaokoroga kwa zamu kwa saa nyingi. Ni ufundi uliokuja na watu wa Omani, ukakaa hapa Unguja, ukakaa Wete kule Pemba, na una mafundi wake. Halua ni ya fundi, na anayenunua halua hakupoteza kitu. Tofauti ni kwamba halua haijawahi kuwakusanya watu wa nyumba. Visheti viliwakusanya.

Hoja ya pili ni ya afya. Wanasema sukari ni maradhi, na visiwa vyetu vimejaa wagonjwa wa kisukari. Hofu hiyo naijua. Imeingia katika ukoo wangu. Lakini tupime kwa vijiko. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anazopata mtu kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka nusu ya hapo ni bora zaidi. Kopo moja la soda lenye mililita 330 lina kama gramu 35, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Kwa kipimo changu, nusu kilo ya sukari kwa kilo ya unga, kiganja cha visheti kina vijiko viwili hivi. Mtu anayekunywa soda kila futari kwa siku thelathini, kisha akaniambia kwamba visheti vya siku nne ndivyo vitakavyomwua, huyo hatafuti afya, anatafuta sababu. Na aliyepika mwenyewe ameiona sukari. Ameimimina kwa mkono wake, ameona lundo lake. Sijui njia bora ya kumtia mtu adabu ya sukari kuliko kumwonyesha lundo lake. Mwenye kisukari asile. Hilo halina mjadala. Lakini hata yeye anaweza kubana kwenye uma.

Hoja ya tatu inatoka upande usio wa kununua, na mimi naikataa vile vile. Ni ya wale wanaojiita watu wa asili. Mwaka mmoja mjukuu wangu wa kike, aliyeona mambo hayo kwa binamu zake wa Uingereza, aliniambia, "Bibi, mimi sikukuu hii nataka kupika browni." Browni ni keki nzito ya chokoleti, fupi, isiyofura, inayokatwa vipande vya pembe nne, yeye alitaka kuvifunika kwa chokoleti iliyoyeyushwa na kuvinyunyizia tembe za peremende za rangi. Jamaa mmoja mtu mzima aliyekuwapo akacheka, akasema vitu hivyo ni vya Kizungu, sikukuu ni ya visheti.

Nilimwuliza ngano inalimwa shamba gani hapa Unguja. Akanyamaza. Ngano hatulimi, imekuja kwa meli tangu zamani na inakuja kwa meli hata leo. Halua tumeletewa. Hata karafuu yenyewe, ambayo dunia nzima inatujua kwayo, ni mgeni aliyefika karne ya 19 kutoka visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Ama kakao, ambayo ndiyo chokoleti, inalimwa Kyela, mkoani Mbeya, na Watanzania wenzetu. Kwa hesabu hiyo browni ina undugu nasi kuliko alivyodhani mzee yule. Nikamwambia mjukuu wangu, "Pika, lakini pika mwenyewe. Usiniletee boksi kutoka dukani ukaniambia umepika. Na ukimaliza, osha sufuria." Alipika. Tuliyeyusha chokoleti juu ya maji ya moto, kwa bakuli, kwa sababu chokoleti haitaki moto wa moja kwa moja na haitaki tone la maji, na hapo akajifunza adabu ya chokoleti kama mimi nilivyojifunza adabu ya shira. Sahani zetu mwaka ule zilikwenda nusu visheti, nusu browni. Zilirudi zimejaa, na watoto wa kichochoro wakaja kuuliza vile vya rangi vinapikwaje, nao wakakaa sinia la mwaka uliofuata.

Kwa hiyo wale wanaodhani ninalinda mapishi ya kale wanakosea. Mapishi yanajilinda, yakipendwa yatabaki, yasipopendwa yatakwenda, kama vilivyokwenda vitafunio vingi ambavyo mimi mwenyewe sivikumbuki majina. Ninacholinda ni mikono mingi juu ya sinia moja.

Hoja ya nne ndiyo nzito, na nimeiacha mwisho kwa makusudi. Wanasema: kumi la mwisho ni siku za ibada, ndani yake umo usiku wa cheo, na nyinyi mnawafungia wanawake jikoni na karai la mafuta. Maneno haya husemwa na wanaume, mara nyingi kwa sauti ya mawaidha. Nami nakiri kwamba tukio wanalolieleza ni la kweli. Nimewaona wanawake wakisinzia kwenye sijida kwa uchovu wa jikoni. Nimemwona mama yangu mwenyewe. Lakini wanaosema hivyo wamemkamata mshitakiwa asiye na kosa.

Kwanza, kisheti ni kitafunio kikavu. Kikipoa vizuri, kikawekwa katika mkebe usioingiza hewa, hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Hiyo ndiyo kazi ya lile ganda. Hakuna sharia inayosema kipikwe usiku wa ishirini na tisa. Kipikwe katikati ya mwezi. Kipikwe hata Shaabani. Kwa nini basi tunabanana na kumi la mwisho? Kwa sababu siku zote kabla ya hapo mwanamke huyo huyo alikuwa akipika futari ya vyungu sita, maana bwana hafuturu bila ya muhogo, tambi, maharage ya nazi, kaimati, samaki na uji, na kila kimoja kiwe cha leo. Anayemwonea huruma mkewe aanze na futari. Akila vyungu vitatu, usiku wa visheti utapatikana, na usiku wa ibada utabaki.

Pili, mikono. Kubana kisheti hakuhitaji ila uma na kidole gumba, na gumba Mungu amewapa wote. Wanaume wa mji huu wanapika. Biriani ya harusi hupikwa na wanaume, katika masufuria yanayoweza kumwogesha mtoto. Halua hupikwa na wanaume. Hakuna aliyewahi kumwambia mpishi wa biriani kwamba amepungua uanaume. Iweje basi kisheti, ambacho hakina uzito wa sarafu, kimshinde? Na kwa wanaopenda kutusomea dini, niwakumbushe jambo wanalolijua kuliko mimi: Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Khutba iliyobaki ni ya kwenda jikoni.

Na hapa nawajibu wale niliosema nitawageukia, wanaopima uanamke wa mtu kwa visheti vyake. Mkisema visheti ni kazi ya mwanamke, mmeviua nyinyi, wala si mwenye duka. Msichana wa leo anasoma, anafanya kazi ofisini au hotelini, anarudi saa kumi na mbili kasoro akiwa na saumu yake. Ukimwekea mzigo wote wa sinia juu ya kichwa chake peke yake, atakwenda kununua, na mimi mwenyewe nitamwambia ana haki. Visheti vilipikwa kwa karne nzima kwa sababu mzigo uligawanywa. Aliyeacha kuugawa ndiye aliyetupeleka dukani.

Basi wanafunzi wangu wa zamani, mnaoniuliza ya nini kujichosha, jibu langu ni hili. Msianze na kilo tano. Nusu kilo ya unga, robo kilo ya sukari, vijiko vichache vya samli, tui kiasi cha kukandia, iliki chembe nane zilizotwangwa. Chagueni usiku mmoja baada ya tarawehe, katikati ya mwezi. Mume akae, watoto wakae, simu ziwekwe juu ya kabati. Mwiteni na jirani, hasa yule mliyehamia karibu naye miaka mitatu iliyopita na bado hamjui jina la mama yake. Shira ikianza kuvuta uzi, mwachieni mtoto aishike, kwa uangalifu, ikiwa imepoa kidogo kwenye kijiko. Vikikauka, vihesabuni kwa sahani kabla hamjavihesabu kwa midomo: nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, bibi asiyesikia, mlinzi wa zamu. Kitakachobaki ndicho chenu, na kwa nusu kilo hakitakuwa kingi. Mtoto atakayezipeleka sahani atawaletea habari za kila mlango aliougonga. Msikilizeni, kwani katika habari hizo mtajua ni mlango gani unaohitaji zaidi ya visheti.